Koti la James, Buti za Askari

Hallonbergen, Jumapili, 15 Septemba 1985

Kalamu, tusalimiane tena. Zamani tulikuwa pamoja kila siku kule Kakamega, mimi mwalimu wa Kiswahili wa darasa la saba, wewe mtiifu mkononi mwangu. Hapa Stockholm nanunua mkate kwa Kiswidi, nawasalimu Wakenya wenzangu kwa Kiingereza, na binti yangu Jennifer nikimwita aje kula ananijibu "Jag kommer", yaani nakuja, utadhani nimezaa mtoto wa jirani. Kiswahili changu kinaota kutu mdomoni. Basi nitakusumbua wewe msimu huu wa baridi, kabla sijapasuka.

Na sababu ya kupasuka ipo. Jana simu ililia kutoka nyumbani. Alikuwa Shiundu, mdogo wake marehemu mume wangu. Alisema wazee wa ukoo wamekaa, wamemchagua yeye, na anakuja mwezi wa kumi.

"Unakuja kufanya nini, shemeji?"

"Shemeji, wewe ni mtu mzima. Unajua."

Najua sana. Kwetu mume akifa, mmoja wa ndugu zake huirithi nyumba: mjane, watoto, jembe na mwiko. James alikufa mwezi wa tatu. Moyo wake ulichoka, akalala hospitali, na kabla hajakata kauli alinisihi nisimpandishe ndege akiwa ndani ya sanduku. Nikamzika hapa Sundbyberg. Ukoo haujanisamehe mpaka leo. Walinyimwa maiti, sasa wanataka kilichobaki, na kilichobaki ni mimi na Jennifer.

Koti la James bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Ni koti zito la sufu, la kijivu, lenye bitana nyekundu. Sijaligusa. Kwetu koti la marehemu halivaliwi ovyo. Mwanamume anayelivaa ndiye aliyeingia katika nafasi yake, na baada ya hapo hakuna wa kuulizwa neno.

Jumanne, 17 Septemba

Kazi yangu ni kuzunguka nyumba za wazee: kuosha vyombo, kuosha watu, kuchemsha viazi. Nimpendaye kuliko wote ni Bi Svea Spjut, ajuza wa miaka themanini na ushei. Mguu mmoja umemgomea, ulimi haujamgomea hata kidogo. Spjut maana yake ni mkuki. Lilikuwa jina la kijeshi la babu yake.

Leo alinieleza. Zamani huku kila kundi la wakulima lilimtunza askari mmoja wa mfalme. Walimpa kijumba, kipande cha shamba na ng'ombe. Vita visipokuwepo, na mara nyingi havikuwepo, askari alitafuta kazi ya mikono. Babu Spjut alikuwa fundi viatu.

"Alikuwa mrefu kama mlango," alisema Bi Svea. "Akiimba kanisani, kinanda ndicho kilichomfuata yeye."

Birger, mtoto wa marehemu kaka yake, kapteni mstaafu, anamchongeshea babu huyo jiwe la ukumbusho. Litawekwa siku ya Watakatifu Wote. Bi Svea aliponiambia hayo alivuta shali yake mpaka shingoni, ingawa chumba kilikuwa na joto.

Jumanne, 24 Septemba

Mvua. Viazi.

Alhamisi, 3 Oktoba

Majani yamekuwa ya manjano kwa siku chache tu. Nikiwa namkanda Bi Svea mguu, akaanza tena habari za babu. Safari hii babu alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na hakuwahi kuimba wala kusema zaidi ya alichotakiwa kusema. Alikaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha, uzi uliopakwa nta umebanwa menoni, na watoto wakamzoea kama wanavyozoea meko.

"Bi Svea, juzi babu alikuwa mrefu kama mlango."

"Nilisema hivyo? Basi ni uzee."

Uzee gani? Mwanamke huyu anakumbuka bei ya siagi ya kabla ya vita. Aligeukia dirisha, akasema chai imepoa. Haikuwa imepoa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Amefika.

Nilimpokea uwanja wa ndege wa Arlanda. Alivaa suti ya kitambaa chembamba na kubeba begi moja. Ndani ya begi mlikuwa na unga wa wimbi, mrenda uliokaushwa, na fulana ya Jennifer iliyo ndogo kwake, kwa kuwa kule nyumbani bado wanamwona mtoto wa chekechea. Aliponigeuzia mgongo kupandisha begi kwenye basi, nikaona kisogo cha James. Kile kile. Moyo ulinisaliti, nikalia mbele ya watu, naye akadhani nalia kwa furaha ya kumwona.

Baada ya chakula alisema lake bila kuzunguka. Nampa sifa hiyo, hazunguki.

"Shemeji, nina tiketi mbili za kurudi. Moja yangu, moja ya Jennifer. Ukinipokea, nitazirudisha zote mbili, nikae hapa niwe baba wa nyumba hii. Ukinikataa, mtoto arudi kwao kabla ya Krismasi. Mtoto ni wa ukoo. Hatuwezi kumwacha baba huku na mtoto huku."

"Na mimi?"

"Wewe utaamua."

Jennifer alikuwa anachora mezani. Ana miaka kumi na miwili. Anaelewa kila neno la Kiswahili, ila halisemi. Aliendelea kuchora, lakini penseli ilikuwa inapita palepale.

Jumapili, 13 Oktoba

Analala kwenye sofa. Anakoroma kama James. Simlaumu kwa hilo, lakini simsamehe pia.

Ijumaa, 18 Oktoba

Rafiki yangu Mueni, nesi, Mkamba asiyemung'unya maneno, alikuja baada ya zamu.

"Dada, piga simu polisi. Hapa ni Sweden. Hakuna mtu atakayembeba huyu mtoto."

Najua kwamba sheria ya hapa iko upande wangu. Lakini sheria haitakuja matangani kwangu. Nikimwitia shemeji polisi, Jennifer atabaki na mama, ila hatakuwa tena na kwao. Siku atakapotaka kujua babu yake alizikwa chini ya mgomba upi, atamwuliza nani? Polisi wa Sundbyberg?

Mueni alisema mimi ni mjinga. Kisha akaniosha vyombo, akaenda zake.

Jumatano, 23 Oktoba

Shiundu anatoka kila asubuhi na kurudi mchana, viatu vimelowa. Nikimwuliza alikokwenda, anasema alikuwa ananyoosha miguu. Anatafuta kazi, bila shaka. Anaotesha mizizi.

Jioni alisonga ugali wa wimbi, akamsimulia Jennifer jinsi baba yake alivyoiba miwa ya mchungaji akakimbia na kumwacha yeye, mdogo mtu, apigwe. Jennifer alicheka mpaka akamwaga maziwa. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Machi, na roho iliniuma kwamba aliyemchekesha ni huyu.

Jumamosi, 2 Novemba

Leo niandike kirefu.

Ni siku ya Watakatifu Wote, siku ambayo Waswidi huwasha mishumaa makaburini. Bi Svea aliniomba niende naye, kwa kuwa kiti chake cha magurudumu kinanitii mimi peke yangu. Gari la Birger lilitupeleka kaskazini, tukaipita Upplands Väsby, hadi kwenye kijumba chekundu pembeni mwa shamba lililolimwa. Ardhi ilikuwa imeanza kuganda. Ndugu walikuwa wengi, makoti yao mazuri, watoto wao wanapiga chafya.

Jiwe lilikuwa limesimikwa. Birger alisoma hotuba. Askari Spjut, alisema, alivuka bahari mwaka 1848 kwenda kuwasaidia Wadenmark, akarudi, akawa fundi viatu mashuhuri, akazaa watoto watano na kuishi hadi uzeeni katika nyumba hii hii. "Damu yake ndiyo hii," alisema, akijipiga kifua. Wakapiga makofi yaliyofifishwa na glavu.

Bi Svea alinipa mishumaa. Mishumaa miwili. Akaniambia niiweke yote, mmoja huku, mmoja kule.

Tulipobaki wawili, wengine wakinywa kahawa ndani, nikamwuliza, "Walikuwa wawili, sivyo?"

Alinitazama. "Nani kakwambia?"

"Hakuna. Mmoja alikuwa mrefu na aliimba, mwingine alikuwa mfupi na alinyamaza. Na kwetu mambo haya tunayajua."

Ndipo akasema yote. Askari Spjut wa kwanza, yule mrefu, ndiye aliyekwenda Denmark. Kipindupindu kilimwua mwaka 1853, akamwacha mkewe Brita na watoto watatu. Kijumba kilikuwa cha askari, si cha mjane, na askari mpya akifika mjane alitakiwa kuondoka. Akaja huyo wa pili, kijana fundi viatu kutoka kijiji cha mbali. Wakulima walimpa kila kitu cha marehemu: jina, nyumba, ng'ombe, koti la kijeshi, buti. Jina lilikuwa la kijumba, kila askari aliyeingia alilivaa. Ndiyo maana Birger, aliyeona jina moja mahali pamoja, alidhani ni mtu mmoja.

"Wakulima walikaa mezani pa bibi yangu," alisema Bi Svea. "Yeye akiwamiminia kahawa. Wakamaliza habari za ng'ombe, kisha mmoja akamwuliza kijana, na mjane je? Kijana akasema sawa. Jumapili tatu mfululizo kasisi akatangaza kanisani, wakaoana. La sivyo ilikuwa yeye na watoto barabarani, na baridi inakuja."

Niliishika mikono ya kiti chake kwa nguvu. Nilisikia wazi sauti ya Shiundu: wewe utaamua.

"Alikuwa mtu mbaya?"

"Babu yangu? Hapana. Babu yangu ndiye huyo wa pili, na Birger pia ni wake. Alikuwa mtu mwema. Koti la marehemu ilibidi alivae, lilikuwa la mfalme. Lakini buti aliziweka mezani, akazitazama, akawatazama wale watoto watatu miguu mitupu. Akachukua kisu, akazikata vipande, akawashonea jozi tatu za viatu. Wakulima walifoka. Akawaambia buti hizo zilikuwa na wenyewe."

"Na bibi alimpenda?"

Alifikiri. "Alimheshimu. Nilipokuwa msichana aliniambia hivi: alikuwa mtu mwema, Svea, lakini mimi sikuulizwa. Aliulizwa yeye, juu ya kichwa changu, na birika liko mkononi mwangu."

Birger alitoka akiita kwamba keki inakwisha. Nikamwuliza Bi Svea kwa nini hamwambii. Alisema, "Kashafurahi. Na jiwe ni zito."

Nimerudi nyumbani nikamkuta Shiundu ameinama, anamfungia Jennifer kamba za viatu vya kutelezea barafuni. Nikajiuliza kama huyu naye ni mtu wa kukata buti. Nikajichukia kwa kutamani awe.

Jumanne, 5 Novemba

Theluji ya kwanza. Shiundu aliipokea kwa kiganja, akailamba kama mtoto. Suti yake ni ileile.

Jumapili, 10 Novemba

Nimemwambia nitamtafutia koti kwenye duka la mitumba. Akasema, "Usijisumbue, shemeji, nyumba hii haikosi koti." Hakulitazama la kwenye msumari, wala mimi sikulitazama. Sote wawili tulijua liko wapi.

Jumamosi, 16 Novemba

Nilikuwa kazini tangu asubuhi. Baridi ilikuwa ile ya kubandika kope. Narudi, natoka stesheni ya Hallonbergen, nawaona wanatembea mbele yangu, Jennifer na baba yake mdogo, wameshikana mikono. Na nikamwona James.

Namaanisha nilimwona James. Koti la kijivu, kola imeinuliwa, kisogo, mwendo. Nusu ya pumzi moja nilikuwa mke wa mtu tena. Kisha akageuka, akawa Shiundu.

Mfuko wa ununuzi ulinianguka. Jennifer akakimbia kuokota machungwa, akanieleza kwa Kiswidi, kwa fahari, kwamba baba mdogo alikuwa anatetemeka mpaka midomo imekuwa ya buluu, hivyo yeye alipanda kiti, akalishusha koti la baba, akamvika. Hata vifungo alimfungia yeye, vidole vya baba mdogo vilikuwa vimekufa ganzi. Alingoja nimsifu.

Nimsifu? Mtoto wangu amenioza! Mtoto wa marehemu kwa mikono yake mwenyewe amemvika mrithi koti la baba yake, hadharani, mbele ya stesheni. Kwetu wazee wangekesha wakijadili nani amvike, naye kamaliza kwa kupanda kiti. Na kosa lake ni nini? Aliona mtu anaganda. Sikumfundisha. Nilidhani mambo hayo tumeyaacha uwanja wa ndege.

"Sikulichukua mimi, shemeji," Shiundu alisema taratibu. "Mtoto kanivika."

"Ungeweza kukataa."

"Kumkatalia mtoto? Wewe ungeweza?"

Kumvua sikuweza pia. Kumvua mtu koti la marehemu begani ni kumwapiza, na mikono yangu haikukubali. Tukarudi nyumbani sote watatu, Jennifer katikati, anaruka madimbwi yaliyoganda. Majirani watakuwa walisema: tazama, familia.

Nimeandika haya nikiwa nimejifungia bafuni. Nina hasira na Shiundu, na James aliyekufa, na wazee wa ukoo mmoja mmoja kwa jina. Na nina hofu. Hofu ndiyo kubwa.

Jumapili, 17 Novemba

Amelivaa kwenda kanisani. Wakenya wote wamemwona.

Jumatatu, 18 Novemba

Mueni kapiga simu: "Dada, watu wanasema hongera. Nimwambie nani akome?"

Jumapili, 24 Novemba

Nimejua anakokwenda asubuhi.

Nilikwenda kaburini kufagia theluji, nikakuta imeshafagiwa. Shiundu alikuwa amesimama pale na lile koti, ameegemea ufagio, anazungumza na jiwe kwa lugha ya nyumbani. Nilijificha nyuma ya mti kama mwizi wa kuku. Hakuwa anaomba wala kulia. Alikuwa anamweleza James kwamba mvua za vuli zilichelewa, kwamba ng'ombe mwekundu kazaa, kwamba mama yao huweka sahani ya James mezani mpaka leo kwa sababu hajaona kaburi. Hilo la sahani alilirudia.

Kila siku nilidhani anatafuta kazi. Niliondoka bila kumwita, na njia nzima sikujua nimchukie kwa namna gani sasa. Kumchukia ni lazima, maana akinihurumisha tu, nimekwisha.

Jumapili, 1 Desemba

Mzee Maina, mwenyekiti wa chama cha Wakenya, kapiga simu kutoka Upplands Väsby. Wazee watakutana kwake Jumapili ijayo "kulitia jambo muhuri". Nikamwuliza jambo gani.

"Mama Jennifer, mimi ni Mkikuyu, mila za kwenu sizijui zote. Lakini nimeelezwa. Koti limevaliwa, mtoto ndiye aliyelivisha. Watu wazima wakisikia hivyo wanaelewa. Njoo na wewe uwasaidie akina mama na chai."

Na chai! Nilitaka kucheka, kikatoka kitu kingine.

Jumatano, 4 Desemba

Sili vizuri. Jennifer kaniuliza kwa Kiswidi kama kumvika baba mdogo koti lilikuwa jambo baya. Mueni kamwambia kitu, nadhani. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba alifanya alivyofundishwa, kumfunika mwenye baridi. Akaanza kulia. Akasema basi atakwenda Kenya, ili mimi nisilazimishwe. Mtoto wa miaka kumi na miwili anajitoa sadaka kwa sauti ya kuagiza aiskrimu.

Hapo ndipo hofu ilipogeuka kuwa kitu kingine.

Jumamosi, 7 Desemba

Usiku wa jana baridi ililegea na leo imenyesha mvua. Theluji yote imekuwa tope. Shiundu alikuwa anakwenda Fittja kumtembelea Muzamiru, Mganda waliyefahamiana kwenye basi. Aligusa koti, akaona likilowa litakuwa zito kama maiti, akaliacha msumarini. Akatoka na suti yake na mwavuli wangu.

Nikalishusha. Nikaenda nalo kwa Bi Svea, nimelikumbatia kifuani chini ya koti langu la mvua.

"Una cherehani bado?"

"Iko chini ya kile kitambaa. Ni la nani?"

Nilimwambia. Hakuuliza zaidi. Aliuliza tu kimo cha Jennifer.

Tulilitandaza mezani, mgongo juu. Nilichukua mkasi, nikaurudisha mezani. Niliweka pua kwenye kola. Bado kuna James pale, mafuta ya nywele na peremende, na juu yake sasa kuna Shiundu, jasho na moshi wa wimbi. Nikalia sana. Nilimwambia James anisamehe. Nikamwambia pia kwamba yeye ndiye aliyeniacha na shughuli hii, hivyo asijifanye mtakatifu.

"Anza na mabega," alisema Bi Svea. "Ukishakata mabega hakuna mwanamume atakayeingia tena."

Nikakata. Sauti ya sufu ikikatwa ni kama ya ng'ombe anayetafuna. Bi Svea, mikono inatetemeka lakini jicho kali, alifumua mishono ya bitana kwa wembe, akininong'onezea pa kuacha upana ili Jennifer akikua tulipanue. Tulifanya kazi mpaka taa za barabarani zikawaka. Vipande vilivyobaki, kola na sehemu za mikono, nilivikunja nikavitia mfukoni mwangu. Kutupa nisingeweza.

Bi Svea alinishika kiganja wakati naondoka. "Kesho wakikuulizia juu ya kichwa chako," alisema, "weka birika chini kwanza. Bibi yangu hakuliweka chini."

Koti nimelipeleka kwa Mueni. Jennifer atalala huko.

Jumapili, 8 Desemba

Asubuhi baridi ilikuwa imerudi. Shiundu alisimama mbele ya msumari mtupu.

"Shemeji, koti liko wapi?"

"Litakuja."

"Litakuja lenyewe?"

"Twende, tutachelewa treni."

Alinitazama sana. Yeye alitetemeka kwenye treni, mikono kwapani, na bado nilimhurumia, Mungu anisamehe.

Kwa Mzee Maina wanaume walikuwa wamekaa sebuleni, akina mama jikoni na mandazi. Nikapewa birika. Nikaingia, nikaanza kumimina kuanzia kwa mwenyekiti, naye akaanza hotuba juu ya kichwa changu. Ndugu yetu Shiundu, alisema, ametoka mbali. Mtoto mwenyewe amemtambua. Leo tunashuhudia tu. Kisha akamgeukia Shiundu: "Na koti umelivua kwa heshima ya mkutano?"

Shiundu akanitazama mimi. Wote wakanitazama.

Niliweka birika chini, katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe cha mke wa Maina, likaacha duara. Nikavuta kiti, nikakaa. Mzee mmoja alikohoa, maana kiti kilikuwa cha mgeni.

"Koti lina mrithi," nikasema. "Anakuja."

"Mrithi yuko hapa," alisema Maina, akimwonyesha Shiundu.

"Mzee, mnashuhudia koti. Basi subirini koti."

Niliwaza treni imechelewa, niliwaza Mueni ameogopa, niliwaza mengi. Kisha kengele ya mlango. Mueni akaingia na theluji kwenye nywele, na mbele yake Jennifer. Koti la kijivu lilimkaa hadi magotini. Mabega yalikuwa yake. Bitana nyekundu ilichungulia kifuani.

Shiundu alisimama polepole.

"Umelikata koti la ndugu yangu."

"Nimelikata."

"Truphosa, umelikata!" Hakuwahi kuniita jina langu.

"Jennifer alikuvika kwa sababu ulikuwa na baridi, na alifanya vyema. Lakini hakujua anagawa nini. Mimi najua ninachogawa. Wazee wanataka nyumba ya James iwe na mtu ndani yake. Yumo. Ni damu yake. Nani hapa atasema koti limepotea?"

Shiundu alimwendea mtoto. Nilinyanyuka nusu. Aliinama, akaushika mkono wa koti, akaufuata mshono kwa kidole mpaka begani, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Akamwuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Mwanangu, koti hili ni la nani?"

Jennifer alinyoosha shingo. "Det var pappas. Nu är det mitt."

Chumba kizima kilielewa isipokuwa yeye. Alizungusha macho kutoka uso hadi uso. "Amesema nini?"

Nisingemtafsiria mimi. Mueni alitazama sakafu. Mwishowe Mzee Maina, mwenyekiti, alisafisha koo.

"Anasema lilikuwa la baba yake. Sasa ni lake."

Shiundu aliuachia mkono wa koti. Akakaa. Hakuna aliyetia muhuri wowote. Mke wa Maina akaja akachukua birika, akamalizia kumimina mwenyewe.

Jumatatu, 9 Desemba

Hasemi nami. Asubuhi ametoka kwenda kaburini na suti yake.

Ijumaa, 13 Desemba

Siku ya Lucia, sikukuu ya mishumaa ya Waswidi. Jennifer alitoka kungali giza kwenda kuimba shuleni, taji la mishumaa ya betri kichwani na kanzu nyeupe chini ya koti la kijivu. Kabla hajatoka Shiundu alimwekea mkono kichwani, juu ya taji, akambariki kwa lugha ya nyumbani. Akampa ile tiketi ya pili. "Siku utakayotaka mwenyewe," alimwambia. Tiketi ina tarehe, itaoza, lakini sikusema.

Tulipobaki wawili akifunga begi, alisema bila kunitazama, "Shemeji, vile vipande vilivyobaki uliviweka wapi?"

Nilidhani tunaanza upya. Nilijibu kwa ukali kwamba ninavyo, na sivitoi.

"Sivitaki vya kuvaa," alisema. "Nataka nikavizike. Mama anaweka sahani mezani kila jioni. Nikimpelekea kola ya koti lake, tutachimba pale karibu na baba, tutalia, ataiondoa sahani."

Nilikaa kwenye kitanda. Miezi miwili nilikuwa nikimlinda Jennifer dhidi ya mtu huyu, na ni kweli ilibidi nimlinde, hilo silijutii. Lakini hakuna siku hata moja niliyomwuliza yeye anataka nini kwa ndugu yake.

Nilivitoa mfukoni mwa koti langu la mvua. Kola, vipande vya mikono, vifungo viwili. Alivinusa, kama nilivyofanya mimi. Kisha akavua fulana yake, akavifunga ndani yake vizuri, kwa mafundo manne, jinsi wanavyofungwa watoto wachanga, akaviweka juu kabisa ndani ya begi, akavaa suti yake juu ya kifua kitupu.

Nikakimbia kumletea sweta mbili za James. Akazipokea zote, akavaa moja juu ya nyingine, na hakuna aliyesema maana yake ni nini.

Kwenye kituo cha basi begi lilionekana zito kuliko alivyokuja nalo. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akalivuta upande wake, akasema huyu atambeba mwenyewe.